Msafara wa Mamba na Kenge Wamo: Mwongozo kwa Anayeanza Kuendesha Baiskeli Kwenye Kundi

Jumapili yangu ya kwanza na kundi niliishia Boko. Tulitoka Mwenge, Dar es Salaam, saa kumi na mbili asubuhi, watu kumi na mmoja, safari ya Bagamoyo. Nilikuwa nimeendesha baiskeli tangu darasa la nne, kwa hiyo sikuona cha kufundishwa. Karibu na tuta moja aliye mbele yangu alipunguza mwendo kidogo tu, nami wakati huo nilikuwa naangalia soksi zake. Gurudumu langu la mbele likagusa lake la nyuma. Yeye hakuhisi kitu, akaenda zake. Mimi nilijikuta kwenye lami, na kaka aliyekuwa nyuma yangu akanivaa.

Aliyelipa zaidi siku ile si mimi niliyefanya kosa. Ni yule kaka: mkono ulifungwa plasta wiki sita. Ndiyo maana kwangu mambo yote ya kundi yanaanzia hapa: aliye nyuma yako haoni barabara, anauona mgongo wako. Shimo usilomwonyesha ni lake. Breki uliyoikaba bila sababu, hasara yake inamfikia yeye.

Nitatumia mfano wa barabara ya Bagamoyo kwa sababu naijua shimo kwa shimo. Wa Arusha, Mombasa au Kampala atabadilisha majina ya vituo tu. Aliyeko Kigali, Bujumbura au Bukavu ageuze na mkono: huko magari yanapita kulia, kwa hiyo ninaposema kushoto asome kulia.

Hatua ya 1: Fanya mazoezi kabla hujaomba kuingia

Tafuta mahali palipotulia, uwanja wa shule au barabara za ndani za Chuo Kikuu pale Mlimani asubuhi ya Jumapili. Kuna mambo manne ya kuyaweza ukiwa peke yako.

Kwanza, mstari. Chagua mstari mweupe wa pembeni, uufuate mita mia bila gurudumu kutoka juu yake. Ukiweza kwa mwendo wa kawaida, jaribu polepole, maana polepole ndiko kugumu. Pili, mkono mmoja. Shika usukani kwa kushoto, kunywa maji kwa kulia, rudisha chupa mahali pake bila kuikodolea macho. Badilisha mikono. Tatu, kuangalia nyuma. Geuza shingo juu ya bega la kulia, hesabu magari yanayokuja, rudi mbele. Mara za kwanza utaona baiskeli inafuata macho yako na kuingia barabarani. Rudia mpaka shingo igeuke na mabega yabaki.

La nne ni breki, na hapa waliokulia kwenye Phoenix zenye breki za vyuma wasome mara mbili. Ukisimama, uzito wote unakimbilia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu. Ukiikaba peke yake kwa ghafla inakurusha. Ukitegemea ya nyuma peke yake, tairi linateleza na husimami. Zishike zote mbili, pole kwanza kisha kwa nguvu, huku unasogeza makalio nyuma. Na ujue ipi iko mkono gani. Baiskeli za mtumba haziko sawa: nyingine breki ya mbele iko kulia, nyingine kushoto, kulingana na nchi zilikotoka. Usigundue hilo lori likiwa ubavuni.

Baada ya hapo mwite rafiki mmoja. Mfuate kwa umbali wa mita tatu, kisha mbili. Zungukeni uwanja nusu saa, mbadilishane. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na baadaye akashinda Tour de France mara nne, ujana wake aliupitishia akifuata magurudumu ya kundi la David Kinjah kule Kikuyu. Kufuata gurudumu ni ufundi unaofundishwa, mtu hazaliwi nao, na kujua kuendesha tangu utotoni hakukupi.

Hatua ya 2: Usiku wa kuamkia safari

Kwenye kundi, ubovu wa baiskeli yako ni wa watu wote. Mnyororo ukikatika mbele ya watu saba, watu saba wanatafuta pa kwenda.

Bonyeza matairi. Kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, usikisie kwa kidole gumba. Ukijazia kituo cha mafuta, jaza kwa kupumua, kidogo kidogo, kwa sababu mashine ile imezoea matairi ya gari na tyubu ya baiskeli inajaa kufumba na kufumbua. Zungusha magurudumu uone kama yanayumba au kugusa breki. Hakikisha nati za magurudumu zimekaza. Kisha inua baiskeli kiganja kimoja kutoka chini uiachie idondoke, usikilize. Kinacholia njuga kimelegea. Ukishindwa kukijua, fundi wa kona atakijua kwa sikio.

Chukua tyubu ya akiba inayolingana na tairi lako, pampu inayoingia kwenye valvu yako (kuna nyembamba na kuna nene kama za gari), viraka na gundi yake. Nimeona mtu amekwama Kerege akiwa na pampu nzuri ya bei mbaya isiyoingia popote. Ongeza simu yenye chaji, kitambulisho, kadi ya bima kama unayo, na fedha taslimu, kwa sababu mtandao wa kutuma pesa unaweza kugoma na fundi wa njiani hakopeshi.

Taa nyekundu nyuma, hata kama mnatoka alfajiri na kurudi jua likiwaka. Vivuli vya miembe na moshi wa malori vinakuficha kuliko unavyodhani. Helmeti ikae bapa, ukingo wake vidole viwili juu ya nyusi, na kamba ya kidevuni ibane kiasi cha kupitisha kidole. Helmeti iliyosukumwa kisogoni kama kofia ya harusini haina kazi.

Nguo: mguu wa suruali ulio upande wa mnyororo ufungwe kwa mpira au uingizwe kwenye soksi. Dada wa baibui au sketi ndefu, kundi letu wapo na wanaendesha vizuri kuliko wengi. Wanachofanya ni kuvaa suruali ndani na kukusanya pindo likae juu ya goti, mbali na gurudumu la nyuma. Kamba za viatu zichomekwe. Visikizi vya masikioni viache nyumbani, vyote viwili. Muziki wako unaweza kusubiri.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Kula kitu kabla ya kutoka: ndizi mbili, chapati na chai. Maji chupa mbili kwa mtu wa Pwani, na tende au kashata mfukoni. Unyevu wa Dar unakukamua hata kama jua halijatoka.

Hatua ya 3: Fika mapema, usikilize, useme ukweli

Safari ikiandikwa saa kumi na mbili kamili, ina maana pedali zinazunguka saa kumi na mbili kamili. Fika robo saa kabla. Kuchelewa kundini si jambo dogo kama kuchelewa kikao, kwa sababu kila dakika ya asubuhi inalipwa na jua la saa nne.

Kundi lililopangika lina kiongozi mbele na mtu wa mwisho, sisi humwita mfunga msafara. Huyu hapitwi na mtu: aliye nyuma yake hayuko kwenye safari. Waulize majina yao, uzikariri sura zao. Uliza njia, vituo vya kupumzika, na mwendo. Wakisema ishirini na tano kwa saa na wewe hujawahi kuishika hiyo hata dakika kumi, sema pale pale. Waswahili wana usemi kuwa katika msafara wa mamba na kenge wamo. Kundi linajua hilo. Linachotaka ni kujua kenge ni yupi, awekwe mahali pazuri.

Na mahali pazuri pa mgeni si mwisho kabisa. Wengi hukimbilia mkia kwa aibu, halafu wanaumia, kwa sababu mkia ndiko mwendo unakoyumba zaidi (nitaeleza chini). Omba ukae wa tatu au wa nne, mbele yako mzoefu na nyuma yako mzoefu.

Wakiwa wengi kuliko kumi, wagawanywe. Makundi ya watu wanane hadi kumi, kati ya kundi na kundi nafasi ya kutosha lori lipite na kurudi upande wake. Msururu wa watu thelathini bila pengo unamlazimisha dereva achague kati ya kuwavumilia kilomita nzima na kuwapita vibaya. Si madereva wote watachagua kuvumilia.

Hatua ya 4: Kufuata gurudumu

Hapa ndipo penye utamu wa kundi. Ukiendesha peke yako, nguvu yako kubwa inaliwa na upepo unaoupasua. Ukikaa nyuma ya mtu, amekupasulia. Unaweza kuokoa robo ya nguvu, hata zaidi mwendo ukiwa mkubwa. Mtu ambaye peke yake angechokea Bunju anafika Bagamoyo anacheka.

Kwa bei yake, bila shaka. Kadiri unavyosogea ndivyo upepo unavyopungua, na ndivyo muda wa kuokoka unavyopungua. Kwa mwendo wa kilomita ishirini na tano kwa saa, sekunde moja ya kushangaa ni mita saba. Tulioangalia mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, tuliona magurudumu yamekaribiana kiasi kwamba kiganja kisingepita. Jumatatu yake kila mtu Dar alitaka kuendesha vile. Wale walikuwa na barabara iliyofungwa, bila bodaboda wala mbuzi, na kazi yao ndiyo hiyo. Wewe anza na urefu wa baiskeli nzima kati yako na wa mbele. Miezi miwili mitatu baadaye, mkizoeana, mnaweza kufika nusu yake. Akiwa mtu usiyemjua, rudi kwenye urefu mzima.

Kosa lililoniangusha mimi lina sura mbili. La kwanza ni kuangalia gurudumu la mbele. Ukilikodolea, unaona jambo likiwa limeshatokea. Inua macho, tazama juu ya bega la aliye mbele, umwone wa pili na wa tatu kutoka kwako, uione na barabara. Gurudumu lililo karibu utaliona kwa pembe ya jicho, inatosha.

La pili ni kuingiza gurudumu lako ubavuni mwa la mwenzako, la mbele lako likawa limelipita la nyuma lake. Akihama kidogo kukwepa jiwe, anakugonga. Na anayeanguka karibu kila mara ni wa nyuma, kwa sababu gurudumu la mbele ndilo linaloshikilia mizani na mwelekeo. Likisukumwa ubavu huna la kufanya. La nyuma likiguswa, mwenyewe hutikisika tu. Kwa hiyo kaa nyuma yake moja kwa moja, au umehama kiganja kimoja kulia au kushoto, lakini nyuma. Ukijikuta umeingia ubavuni, usikabe breki kwa hofu: acha kukanyaga, urudi taratibu.

Kuhusu breki, jifunze kutozigusa. Unapomkaribia mwenzako, acha kukanyaga sekunde mbili. Bado? Nyanyua kifua, upepo ukupige, utapungua mwenyewe. Breki iwe ya mwisho, na iwe ya kupapasa. Sababu ni hii: wa kwanza akipunguza kilomita mbili, wa pili anapunguza nne ili ajihakikishie, wa tatu sita, na wa nane anasimama kabisa. Kisha mbele wanaongeza, na wa nane anatakiwa kukimbia kama mwizi kuwafikia. Ndiyo maana nilisema mkia unaumiza. Msafara mzima unavutika na kubanana kama mabehewa ya treni ya mizigo ikianza kuondoka.

Kuna jambo dogo ambalo sikuambiwa na mtu mwaka mzima. Ukisimama kwenye pedali ili upande kilima au upumzishe makalio, baiskeli hurudi nyuma kidogo chini yako. Wewe huoni. Aliye nyuma anaona gurudumu lako linamjia. Kabla ya kusimama, ingiza gia moja nzito zaidi, sema "nasimama", kisha inuka huku mguu unaendelea kusukuma.

Hatua ya 5: Maneno mafupi na mikono

Kila kundi lina lugha yake, lakini nyingi zinafanana. Mkono mmoja juu, wazi: tunasimama. Kidole kuonyesha chini, upande wa kushoto au kulia: shimo, jiwe, chupa iliyovunjika. Kiganja kikipungwa chini chini kama unatuliza mtoto: tunapunguza. Mkono wa kushoto nyuma ya mgongo ukisukuma kwenda kulia: mbele kushoto kuna kitu kimesimama, gari bovu au daladala, tunahamia kulia. Mkono ulionyooka: tunakata kona.

Mkono hauonekani wakati wote, na kuna mahali ambapo mikono yote miwili inatakiwa kwenye breki. Hapo tumia sauti. "Shimo!" "Tuta!" "Rasta!" "Mchanga!" "Gari nyuma!" "Boda mbele!" "Pancha!" (Rasta ni vile vituta vidogo vya mfululizo.) Neno moja, kwa nguvu. Usitunge sentensi. Kila anayelisikia alirudie kwa wa nyuma yake. Neno lililoishia kwa wa tatu halijafika. "Gari nyuma" huanzia kwa mfunga msafara na kupanda kwenda mbele, mengine hushuka.

Usionyeshe kila kokoto. Ukipiga kelele kwa kila jani, watu wataacha kukusikiliza, na siku ya shimo lenyewe hawatakusikia.

Adabu zetu hazifi kwa sababu tuko kwenye baiskeli. Mkikutana asubuhi, wakubwa wapewe shikamoo zao. Kwenye kundi letu kuna mzee wa miaka sitini na kitu ambaye vijana wa baiskeli za mamilioni humwona mgongo tu. Lakini shimo halisubiri marahaba. "Mzee, shimo!" inatosha, na mkifika Mapinga hakuna atakayesema ulimkosea heshima.

Hatua ya 6: Barabara yenyewe

Nendeni msururu mmoja, ukingo wa kushoto. Wawili wawili ni kwa barabara tulivu zilizo pana, na kwa watu wanaojuana. Mkienda wawili, wote muwe sawa bega kwa bega; yule anayejisogeza nusu gurudumu mbele ya mwenzake kila mara anapandisha mwendo wa kundi bila kujua, na mwenzake anabaki anamkimbiza. Ni tabia inayoudhi kuliko zote.

Msijibane kwenye ukingo wa lami kabisa. Pale kuna mchanga, misumari na lami iliyomeguka, na mkidondokea kwenye bega la udongo lililo chini ya lami, msijaribu kupanda tena kwa kukwangua ukingo. Punguza, simama, panda upya.

Daladala ikikupita karibu na kituo, hesabu kwamba itasimama mbele yako. Haitawasha taa. Abiria watateremkia kushoto, ulipo wewe. Kiongozi aangalie nyuma, na nafasi ikipatikana kundi lote lihamie kulia liipite. Isipopatikana, simameni nyuma yake. Kamwe usipite kati ya daladala na kituo. Njia za mwendokasi zisiwashawishi hata kama ni nyeupe na tupu: si zetu, na basi lile likija halina pa kukukwepea.

Bodaboda anayekuja kinyume ukingoni ni wa kila siku. Mwangalie usoni, shika mstari wako, usicheze naye ngoma ya kulia-kushoto. Akiona msururu ulionyooka atachagua upande. Akiona watu wametawanyika atapita katikati.

Maeneo ya Tegeta na Boko malori ya saruji na kokoto ni mengi. Lori refu linapopita, upepo wake hukusukuma nje kwanza, kisha likimaliza kupita hukuvuta ndani kuelekea barabarani. Legeza viwiko, shika usukani imara bila kukakamaa, usiendeshe ukiwa umeachia mkono mmoja. Mvutano ule ni sekunde moja tu, lakini ni sekunde ambayo mgeni anashtuka na kugeuza usukani.

Matuta na rasta: pedali mbili sambamba, inuka kidogo kutoka kwenye kiti, magoti na viwiko viwe laini. Ongezeni nafasi kabla ya kufika. Kipindi cha masika, dimbwi lolote lihesabike kuwa ni shimo mpaka ithibitike vinginevyo, na mistari iliyopakwa rangi ni kama sabuni.

Taa za barabarani zikiwagawa, waliopita waende mwendo wa miguu mpaka wenzao wafike. Hakuna kupita nyekundu ili usiachwe, na hakuna kumwacha aliyesimama kwenye nyekundu. Kukata kulia kwenye barabara kubwa, mgeni ashuke, avuke kwa miguu penye pundamilia. Mimi bado nafanya hivyo Mwenge, na sioni haya.

Kuanzia Bunju mtaanza kukutana na wabeba mkaa. Mtu mmoja, Phoenix moja, magunia yamepanda kupita kichwa chake. Hao ndio waendesha baiskeli wa kweli wa barabara hii, sisi wengine tumevaa nguo za kubana. Mzigo ule hauwezi kusimama ghafla na hauwezi kukwepa. Wapiteni kwa mbali, mmoja mmoja, kwa salamu, na msirudi kushoto mara baada ya kumpita. Kumpigia kengele ili akupishe ni utovu wa adabu.

Mate na kamasi: angalia nyuma, toka kwenye msururu au subiri ufike mwisho. Upepo haujui kuwa hukukusudia.

Hatua ya 7: Zamu ya mbele

Kwenye safari mbili tatu za kwanza kataa kwa upole, hakuna atakayekulaumu. Ikifika zamu yako, kosa la kila mgeni ni kuongeza mwendo. Anaona barabara imefunguka, damu inachemka, kundi lililokuwa linakwenda ishirini na nne linajikuta ishirini na tisa, na baada ya dakika nne yuko hoi na waliobaki wametawanyika. Mbele upepo wote ni wako, kwa hiyo ule mwendo wa mwanzo utakugharimu zaidi tayari. Usiongeze hata kilomita moja. Kwenye kilima, shika nguvu ile ile na uache mwendo upungue. Baada ya tuta au kona, hesabu mpaka kumi kabla ya kukanyaga, ili wa nane naye awe ametoka.

Dakika tatu hadi tano zinatosha. Tuna mazoea ya kubadilishana tukiwa tumesimama kwenye vituo, kwa sababu barabara ni nyembamba. Kwenye barabara pana, anayemaliza huangalia nyuma kwanza, hupunga kiwiko, huhamia pembeni akiwa na mwendo ule ule, kisha hupunguza na kushuka mpaka mwisho. Anayebaki mbele hapigi mbio, anaendelea tu.

Upepo ujue unavumia wapi. Msimu wa kusi unakusukuma mgongoni kwenda Bagamoyo, unajiona bingwa, kisha wakati wa kurudi unakusubiri kifuani ukiwa umechoka na jua liko utosini. Kaskazi ni kinyume: unateseka kwenda, unarudi kwa raha. Kundi lisilokumbuka hili humaliza nguvu kabla ya kula urojo.

Hatua ya 8: Pancha, uchovu na ajali

Pancha ikikupata, usisimame pale pale. Paza sauti, inua mkono, endelea kwenda mnyoofu huku ukipunguza, toka nje ya lami kabisa. Kundi zima nalo litoke nje ya lami. Nimeona watu tisa wamesimama barabarani wanamtazama mmoja anatoa tairi.

Ukichoka, sema mapema. Dalili yangu mimi ni kuanza kukasirika bila sababu; wengine huona kizunguzungu, au jasho linakatika na mwili unasisimka kama wa baridi juani. Hiyo ya mwisho si ya kuvumilia: kivuli, maji kichwani na shingoni, kunywa, na safari kwake imeisha. Atafutiwe gari. Ukiamua mwenyewe kuishia njiani mwambie mfunga msafara kwa mdomo. Mtu akipotea kimya kimya, wenzake wanarudi kilomita kumi kumtafuta mtaroni huku yeye anakula mihogo Tegeta.

Mtu akianguka, desturi yetu ni kumkimbilia na kumwinua: "Pole, inuka, inuka!" Msifanye hivyo. Kwanza mmoja arudi nyuma hatua hamsini au zaidi, azuie magari. Matawi ya miti barabarani kila dereva wa hapa anayaelewa. Wa pili aongee na aliyeanguka akiwa pale pale alipo: anajua yuko wapi, shingo inauma, anahisi vidole? Kama shingo au mgongo vinauma na hakuna hatari ya kugongwa, asisogezwe. Damu inayotoka kwa wingi ibanwe kwa kitambaa safi, bila kuachia kila mara kuchungulia. Piga 112. Gari likihusika, pigeni picha ya namba zake, na mmoja abaki kufuatilia PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kituoni wakati mwingine anakwenda na majeruhi hospitali.

Aliyegonga kichwa haendeshi tena siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Hasa akisema yuko sawa. Na helmeti yake isirudi kichwani kwa mtu, kwa sababu imeshafanya kazi yake mara moja na ufa mwingine hauonekani.

Hatua ya 9: Kurudi

Bagamoyo watu hukaa sana. Dafu moja linazaa la pili, na mtu anataka picha kwenye magofu ya Kaole. Lipa chako bila kusubiri kuombwa, jaza chupa zako zote mbili, na saa ya kuondoka ikitajwa uwe umeshavaa helmeti. Safari ya kurudi ndiyo yenye ajali za kizembe: miguu imechoka, masikio yamezoea kelele za "shimo", na kila mtu anadhani anaijua njia. Tunarefusha nafasi kati yetu, tunapunguza mwendo, na tunabadilisha wa mbele mara nyingi zaidi.

Wanaochepukia njiani, wa Bunju, wa Tegeta, wa Mbezi, waage kwa sauti kabla ya kuacha msururu, siyo kukata kona tu kama daladala. Na ukifika nyumbani, kabla ya kuoga, kabla hata ya kuvua viatu, andika kwenye simu: nimefika. Mfunga msafara wetu ni dada mmoja asiyepokea chakula cha mchana mpaka majina yote yatimie. Siku ile ya Boko alinipigia mara nne.